Maswali na Majibu: Hoja Imekatikia Wapi?

Katika toleo hili tunajibu barua za wasomaji kuhusu mantiki na makosa ya kufikiri. Barua tumezifupisha.

Kwenye mjadala kila nilichosema kilikuwa kweli, hata hitimisho lenyewe. Bado mwenzangu akasema hoja yangu si halali. Alikuwa anatafuta ugomvi tu?

Huenda alikuwa na haki. Ukweli ni sifa ya kauli moja moja. Uhalali ni sifa ya kiungo, yaani kile kinachoziunganisha kauli unazoanza nazo (tuziite misingi) na hitimisho unalofikia. Tazama hii:

Mamalia wote wana uti wa mgongo. Popo ana uti wa mgongo. Kwa hiyo popo ni mamalia.

Kauli zote tatu ni kweli, na hoja ni mbovu. Ukitaka kuipima, liache umbo lake kama lilivyo, ubadili jina moja tu: mtoe popo, mweke mamba. Mamalia wote wana uti wa mgongo, mamba anao, kwa hiyo mamba ni mamalia. Misingi ingali kweli, hitimisho limekuwa uongo. Kwa popo ulifika salama kwa bahati, si kwa hoja.

Sasa geuza: "Ndege wote huruka, mbuni ni ndege, kwa hiyo mbuni huruka." Hapa kiungo ni kizima, kilichooza ni msingi wa kwanza. Basi kabla ya kubisha, amua unabisha nini: msingi au kiungo. Watu wawili wanaweza kukesha wakizozana kwa sababu mmoja anakataa msingi na mwenzake anadhani anakataa kiungo.

Mwenzako naye asivuke mpaka. Akishaonyesha kwamba hoja yako ni batili, hajaonyesha kwamba hitimisho lako ni uongo. Popo bado ni mamalia; amebaki tu bila wakili.

Kanuni za "ikiwa… basi" nimezisoma mara kadhaa, lakini nikifika kwenye mfano napotea. Nifanyeje?

Chukua kauli moja uikariri, kisha kila mfano mpya uulinganishe nayo. Yetu ni hii, kwa taa isiyo na betri: "Umeme ukikatika, taa huzimika."

Kuna njia nne za kuondokea hapo, mbili nzima na mbili mbovu. Umeme umekatika, kwa hiyo taa imezimika: sawa. Taa inawaka, kwa hiyo umeme haujakatika: sawa pia. Taa imezimika, kwa hiyo umeme umekatika: hapana, maana balbu inaweza kuwa imeungua au mtu amezima swichi. Umeme haujakatika, kwa hiyo taa inawaka: hapana, kwa sababu zile zile.

Nyingi ya hoja mbovu utakazokutana nazo ni ile ya tatu iliyovaa nguo nyingine. "Mwenye hatia hukimbia, huyu amekimbia, basi ana hatia." Mwoga naye hukimbia, na aliyechelewa miadi pia.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu jaribio dogo ambalo mpaka leo linawaaibisha wasomi. Jaribu mwenyewe kabla ya kuendelea kusoma. Mezani kuna kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ufunue kadi zipi, na hizo tu, ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Wengi husema A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7. Kadi ya A iko wazi kwa kila mtu. Kadi ya 4 haina msaada: nyuma yake kukiwa na irabu, kanuni imefuatwa, kukiwa na konsonanti, kanuni haikusema lolote kuhusu konsonanti. Lakini 7 ikifunuliwa na nyuma yake kukawa na irabu, kanuni imevunjika papo hapo. Katika majaribio ya mwanzo, waliopatia hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Cha ajabu ni kwamba fumbo hilo hilo likivishwa mavazi ya kawaida linalainika. Mwaka 1982 watafiti Griggs na Cox waliweka kanuni ya pombe: anayekunywa bia lazima awe ametimiza miaka 19. Kadi zilisema anakunywa bia, anakunywa soda, ana miaka 22, ana miaka 16. Karibu robo tatu ya washiriki walichagua bia na miaka 16 bila kuhangaika. Umbo halijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo ukikwama kwenye hoja ya kinadharia, iandike upya kama kanuni ya mlangoni na wewe ndiye mlinzi: nani unamkagua?

Neno moja la kuwatetea mafundi na madaktari. Wao kila siku huanzia kwenye dalili wakirudi nyuma kwenye chanzo, yaani ile njia ya tatu. Hawakosei, mradi wanajua kwamba wamepata dhana ya kufanyia kazi na hawajathibitisha kitu. Fundi mzuri akikuta taa imezimika hubadilisha balbu kwanza, kisha hukagua swichi, na akishaziondoa sababu nyingine ndipo hulaumu umeme.

Kipimo kinagundua asilimia 90 ya wagonjwa. Nikipimwa nikaambiwa ninao ugonjwa, si maana yake nina uwezekano wa asilimia 90 kuwa nao?

La, na kosa ni lile lile la taa, safari hii limevaa tarakimu. "Ukiwa mgonjwa, kipimo hukugundua" si sawa na "kipimo kikikugundua, u mgonjwa." Hesabu kwa vichwa, asilimia zitakuchanganya. Tuseme, kwa mfano tu, watu 10,000 wasio na dalili wanapimwa, na asilimia 1 kati yao wanaugua. Wagonjwa ni 100, kipimo kinawapata 90. Wazima ni 9,900. Kama kipimo hukosea kwa asilimia 9 ya wazima, kitawatia hofu bure watu 891. Walioambiwa wanaugua ni 90 na 891, jumla 981. Wagonjwa halisi kati yao ni 90, yaani takriban asilimia 9.

Tahadhari: ile asilimia 1 ya kuanzia ndiyo inayoamua kila kitu. Aliyekwenda kupimwa kwa sababu tayari ana dalili hahesabiwi katika kundi hilo, na kwake jibu la kipimo lina uzito mkubwa zaidi. Kwa hiyo usimtupie daktari karatasi yake ukitumia hesabu hii.

Sarafu imeangukia kichwa mara tano mfululizo. Zamu ya mkia haijafika?

Sarafu haina kumbukumbu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti (kamari ya kuzungusha gurudumu lenye vyumba vya rangi) uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kumwaga fedha kwenye nyekundu, wakiamini sasa lazima itoke. Gurudumu lile lina vyumba 37, vyekundu 18, vyeusi 18 na sifuri moja. Kila mzunguko nyekundu ilikuwa na nafasi 18 kati ya 37, wa kwanza sawa na wa ishirini na sita.

Mbona baadhi ya watu hujibu hoja kwa methali na mjadala ukaisha? Methali ni hoja?

Methali ni kifungashio kizuri cha hoja, ila ufungue uone kilichomo. "Nyani haoni kundule" humtia mtu aibu, na pengine anaistahili, lakini haigusi alichosema. Daktari anayevuta sigara akikuambia sigara inaharibu mapafu, unafiki wake ni wake na mapafu ni yako. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" inahukumu wazo kwa kuangalia lilikotoka. Na "lisemwalo lipo, kama halipo, laja" ni ngome isiyo na mlango: likiwepo, methali imeshinda, lisipokuwepo, imeshinda vilevile. Kauli isiyoweza kushindwa na tukio lolote haikuambii kitu kuhusu matukio.

Kipimo cha haraka ni kutafuta methali pinzani. Akikuambia "haraka haraka haina baraka," mjibu "ngojangoja huumiza matumbo," halafu mrudi wote wawili kwenye jambo lenyewe: hapa, leo, kuchelewa kunagharimu nini na kukimbilia kunagharimu nini?

Hata hivyo, si kila kumtazama msemaji ni kosa. Akisema "niliona kwa macho yangu," ushahidi ni yeye mwenyewe, na historia yake ya uongo ni halali kuulizwa. Akileta hesabu au nyaraka, kagua hesabu na nyaraka. Zingekuwa zile zile hata kama zingeletwa na mwizi.

"Tukiruhusu hili leo, kesho litafuata lile, mwisho tutaangamia." Hoja ya namna hii ni mbovu daima?

Si daima. Hesabu hatua. Kama kuna hatua tano na kila moja ina uwezekano wa asilimia 80 kufuata iliyotangulia, uwezekano wa kufika mwisho ni 0.8 mara yenyewe hivyo hivyo mara tano, takriban asilimia 33. Msemaji akiweza kueleza kinachosukuma kila hatua, msikilize. Akiruka kutoka ya kwanza hadi ya tano, muulize ya pili na ya tatu ziko wapi.

Makosa haya yana idadi? Nataka kuyakariri yote.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliorodhesha 13, sita ya lugha na saba yasiyo ya lugha. Waliofuata wameongeza mengi. Kukariri majina hakukatazwi, ila kumtajia mtu jina la kosa lake hakumwonyeshi lilipo. Mpe hoja yenye umbo lile lile na hitimisho ambalo hata yeye atalicheka, kama tulivyofanya na mamba.

Ukitaka pa kuanzia, anza na yale ya lugha, maana ndiyo yanayojificha zaidi. Hili hapa:

Nina haki ya kusema nililosema. Lenye haki halipingwi. Kwa hiyo nililosema halipingwi.

Linasikika kama limekamilika. Sasa kila penye "haki" weka neno jingine lenye maana hiyo hiyo mahali hapo. Kwenye sentensi ya kwanza unapata "ruhusa," kwenye ya pili unapata "ukweli." Isome tena: nina ruhusa ya kusema nililosema; lenye ukweli halipingwi; kwa hiyo… Hapo ndipo ilipokatikia.