Metali nzito katika samaki wa mtoni: maswali ya wasomaji

Maji ya mto wetu yalipimwa yakaonekana salama. Kwa nini wataalamu wamerudi kuvua samaki? (Msomaji wa Geita)

Kwa sababu maji hupita. Chupa iliyochotwa asubuhi hueleza hali ya asubuhi hiyo tu, ilhali taka zikimwagwa usiku, kufikia mchana zimekwisha sombwa au zimezama kwenye tope. Kambale aliyeishi mtoni miaka miwili amekuwa akipitisha maji hayo kwenye matamvua yake na kutafuta chakula kwenye tope hilo kila siku, na metali ambayo mwili wake haukuweza kuitoa imebaki ndani yake. Ili ushahidi wake uwe na maana, ni lazima alinganishwe na kambale wa ukubwa uleule aliyevuliwa juu ya mto, kabla ya eneo linaloshukiwa.

Nikitupa kichwa na matumbo nikala minofu pekee, nimeepuka sumu? (Msomaji wa Migori)

Inategemea metali. Risasi hujikusanya zaidi katika matamvua na mifupa, na kadimi katika ini na figo, kwa hiyo kwa hizo mbili kutupa kichwa, mifupa na matumbo husaidia kweli. Zebaki haina huruma hiyo. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga uliosagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, ili inase dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana, zebaki ikaondoka kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hurudi ardhini na mvua, na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, yaliyorundikwa kando ya mto husombwa na maji. Huko kwenye tope, bakteria huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo ni hatari zaidi kwa ubongo na neva. Aina hiyo hushikamana na protini za minofu, yaani sehemu ileile tunayoipenda, na haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kubanika. Kila samaki anapomla mwenzake, kiasi huongezeka, ndiyo maana sangara mkubwa huwa nayo nyingi kuliko dagaa wa maji yaleyale. Ushauri wa kuondoa ngozi, ninaousikia mara kwa mara, kwa zebaki hauna faida.

Ripoti mbili za mto mmoja zinatofautiana kuhusu risasi karibu mara tano. Nani amekosea? (Mwanafunzi, Mwanza)

Huenda hakuna aliyekosea. Angalia kwanza kama uzito uliotumika ni wa minofu mibichi au iliyokaushwa. Takriban asilimia 80 ya minofu ni maji, kwa hiyo namba ya uzito mkavu huwa karibu mara tano ya ile ya uzito mbichi. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya usalama wa chakula, kwa risasi, miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki, hulinganishwa na uzito mbichi, na nimesoma zaidi ya makala moja iliyowatangaza samaki kuwa na sumu kwa kulisahau hilo. Usiitegemee pia shaba wala zinki ya kwenye minofu, kwani samaki huzihitaji na mwili wake huzidhibiti. Kwa hizo, pima ini.

Mke wangu ni mjamzito. Aache samaki? (Msomaji wa Musoma)

Asiache, ila achague. Mtoto aliye tumboni ndiye anayedhuriwa zaidi na zebaki ya methili, na kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, iliweka ukomo wa mikrogramu 1.6 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mlaji, sawa na mikrogramu 96 kwa mwanamke wa kilo 60. Samaki mwenye miligramu 0.5 kwa kilo humfikisha hapo kwa gramu 190 hivi, kipande kimoja kikubwa cha mchuzi; mwenye miligramu 0.05 angemfikisha baada ya kilo mbili hivi. Sato wa kadiri, ambaye hula zaidi mwani, na dagaa kwa kawaida wako karibu na huyu wa pili. Sangara mkubwa asubiri hadi mtoto azaliwe na amalize kunyonya.