Wallace "alikosa heshima" au "alijivunjia heshima"?

SWALI: Ninatafsiri barua ambazo wanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, waliandikiana kumhusu mwenzao, Alfred Russel Wallace. Niliandika: "Hooker alimweleza Darwin kwamba Wallace amekosa heshima." Mhariri ameikata sentensi hiyo, anasema nimemtukana Wallace. Nimemtukanaje?

JIBU: Mhariri yuko sahihi. Ukisema mtu "amekosa heshima" ukaishia hapo, msomaji anaelewa kwamba hana adabu. Labda kapita mbele ya wakubwa bila salamu. Wallace hakuwa hivyo hata kidogo. Nadharia ya uteuzi asilia, kwamba viumbe wanaoyamudu mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaana, ilitangazwa mwaka 1858 kwa jina lake na la Darwin, lakini alipoiandikia kitabu mwaka 1889 alikipa jina la Darwin peke yake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mkosa heshima.

Ukiongeza maneno, maana hugeuka: "Wallace alikosa heshima aliyostahili." Hapo aliyedhulumiwa ni yeye. Sentensi ni safi, ila Hooker hakusema hivyo.

Tuitazame barua yenyewe. Ni Desemba 1879, Darwin anamtafutia Wallace pensheni ya serikali maana hali yake ya fedha ni mbaya. Hooker anakataa kuunga mkono. Wallace, asema, anaamini mambo ya kuzungumza na roho za wafu, na mwaka 1876 aliruhusu mambo hayo yajadiliwe katika mkutano wa wanasayansi kule Glasgow. Isitoshe, mwaka 1870 alikubali kuwekeana dau la fedha na mtu aliyeshikilia kwamba dunia ni bapa. Kwa Hooker, yote hayo Wallace kajitakia. Basi andika "amejivunjia heshima". Ile -ji- ndiyo inayobeba lawama, na ukiiondoa umeibadilisha barua.

"Amevunjiwa heshima" usiiguse hapo, kwani inamtaja mtu mwingine aliyemdhalilisha. Itunzie John Hampden, yule wa dunia bapa: baada ya kushindwa alimwandama Wallace kwa matusi miaka na miaka, hata mkewe akaandikiwa barua. Huyo ndiye aliyemvunjia heshima, tena bila chenga.

Wengine wangependekeza "jina lake lilichafuka". Mimi silipendi hapa. Linanuka wizi au fumanizi. Unaposimulia kwa sauti yako mwenyewe, bila kumlaumu yeyote, "hadhi yake ilishuka miongoni mwa wanasayansi" inatosha.

Najua pia utafika mwaka 1881, Hooker ameshalegeza msimamo na waziri mkuu Gladstone ameidhinisha pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Usishawishike kuandika "alirudishiwa heshima". Ombi la Darwin lilitegemea kazi za Wallace, na imani yake juu ya roho haikubadilika. Andika "mchango wake ulithaminiwa".