Taylor kafungwa kwa vita ya jirani, ya kwao je?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nipo Morogoro, nimebishana na jamaa kijiweni mpaka kahawa imepoa. Yeye anasema Charles Taylor alifungwa kwa kuua Waliberia wenzake, mi nasema ni kesi ya Sierra Leone. Nani mkweli? Na hao wakubwa wa dunia walikuwa wapi watu wanakatwa mikono?

JIBU: Marahaba. Hiyo kahawa alipe yeye. Taylor alikuwa rais wa Liberia kweli, ila ile miaka 50 aliyopigwa 2012 ni ya Sierra Leone tupu, aliwasaidia waasi wa RUF kwa silaha huku almasi zikija kwake. Mahakama yenyewe iliundwa 2002 kwa makubaliano ya UN na serikali ya Sierra Leone, mambo ya Liberia hayakuwahusu, na hata huko Sierra Leone wameanza kuhesabu Novemba 1996 wakati vita imeanza 1991, yani kama ulichomewa nyumba 1992 we haumo.

Walikuwa wapi? Ndo panaponiuma hapo. 1999 kule Lomé, Togo, ukasainiwa mkataba wa amani wa Sierra Leone, Foday Sankoh, kiongozi wa RUF, akasamehewa na juu yake akapewa uenyekiti wa tume ya madini, fisi kakabidhiwa bucha mchana kweupe! Bahati mjumbe wa UN aliandika kwa mkono pale kwenye sahihi yake kwamba kwao msamaha hauhusu mauaji ya kimbari na uhalifu wa kivita, na kale kaandiko ndo baadae kakasaidia kesi kufunguliwa. Mei 2000 RUF wakateka walinda amani kama 500, Wakenya wakiwemo, ndo Uingereza ikaleta askari wake fasta na UN nayo ikaongeza nguvu mpaka ruhusa ya askari 17,500, kamanda akawekwa Jenerali Opande wa Kenya. Walipoguswa wao, ndo wakaamka.

Sasa Waliberia. Kwao mahakama ya vita haikuundwa miaka yote hiyo, mpaka 2024 ndo Rais Boakai akasaini amri ya kuanzisha ofisi ya kuiandaa. Walionaswa wamenaswa nje, mtoto wa Taylor mwenyewe, Chuckie, alipigwa miaka 97 Marekani kwa utesaji, na Alieu Kosiah, kamanda wa kundi lililompinga Taylor, alikuwa anaishi zake Uswisi, wakamkamata 2014, na 2021 wakampa miaka 20.