Trela lina matairi ya mpira, ethi ya nini?

SWALI: Habari fundi. Nina trela la chakula, naliegesha Mtumba, hapa Dodoma, siku za kazi. Umeme navuta kwa kebo kutoka duka la jirani, mara mojamoja natumia jenereta. Msimu wa mvua uliopita friji na mashine ya juisi viliungua siku moja. Nimenunua saji protekta, kinga ya umeme unaoruka ghafla, ya kufunga ndani ya boksi la breka. Kijana aliyeifunga anasema haihitaji waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kwa kuwa trela limekaa juu ya matairi ya mpira. Taa yake ya kijani inawaka. Niko salama?

JIBU: Hapana, dada yangu. Chomoa kebo leo hii mpaka ethi ifungwe.

Hili la matairi nalisikia kila mara na linaniumiza. Umeme hauingii kwenye trela kupitia matairi, unaingia kwa kebo. Kazi pekee ya mpira hapo ni kuuzuia umeme uliovuja usipate pa kutokea. Waya wa kikaangio ukichubuka ukagusa bati, trela zima linashika volti 230 na breka haianguki. Njia itapatikana pale mteja mwenye kandambili mbichi, amesimama kwenye tope, atakapoegemeza mkono kwenye kaunta yako.

Sasa saji yenyewe. Ndani yake kuna vidonge ambavyo volti ya kawaida haivipiti. Volti ikiruka ghafla vinafunguka, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na kuumwaga ule mruko. Unamwagwa wapi kama si ardhini? Bila ethi inabaki kulinda kati ya laivu na nyutro tu, yaani waya unaoleta umeme na ule unaourudisha. Mruko wa radi iliyopiga jirani hupanda kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, na huo hauna pa kwenda ila ndani ya vyombo vyako.

Na ile taa ya kijani inakuambia vidonge havijafa, basi. Nilifungua boksi moja Nkuhungu: taa inang'aa vizuri kabisa, skrubu ya ethi tupu haijawahi kukazwa, na waya wa kijani na njano umekatwa kwa koleo, umeviringishiwa utepe mweusi na kusukumwa nyuma. Mwenye nyumba alikuwa ameishi hivyo akijua amelindwa.

Kwako, kebo iwe ya nyaya tatu, na ethi ifungwe kwa bolti kwenye chasisi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane. Weka RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ukivuja. Nyaya za saji ziwe fupi, jumla zisizidi nusu mita, zisikunjwekunjwe, maana urefu unapunguza kinga. Ethi ya duka usiiamini bila kupima. Udongo wetu wa Dodoma ukikauka kuanzia Mei, fimbo ya ethi iliyochimbiwa ardhini, iliyosoma vizuri Februari, inaweza kusoma vibaya sana Oktoba. Ipimwe kiangazi, kwa mita ya ethi, siyo kwa testa. Jenereta nayo ikaguliwe: nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na fremu, na hapo RCD inaweza isikate kabisa.

Kuhusu vyombo viwili kuungua siku moja, huenda hata haikuwa radi. Nyutro ikikatika kwenye laini, volti inaweza kupanda kuelekea 400 na kukaa hivyo dakika kadhaa. Saji haikutengenezwa kwa hilo, itaungua yenyewe. Hapo kinachohitajika ni kifaa kingine, kinachokata umeme volti ikipanda au ikishuka kupita kiasi. Anayekuuzia saji akisema inazuia yote, hajui anachouza.

Vishoka wamejaa mji huu kwa sababu ujenzi ni mwingi na wateja tuna haraka. Kishoka anafurahi taa ikiwaka, kwa kuwa ethi haionekani ikifanya kazi mpaka siku ya ajali, na siku hiyo yeye hayupo. Nimeyaona hayohayo kwenye saluni za kontena, kwenye vibanda vya M-Pesa na kwenye nyumba zenye marumaru za bei mbaya. Kabla fundi hajafungua boksi lako, muombe leseni yake ya EWURA uione. Akimaliza, apime ethi wewe ukiwa umesimama hapo, na aandike omu, yaani kipimo alichopata, na tarehe kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko.