Maswali Yenu: Rangi za Geko Chui na Jeni Zilizojificha

Mwezi huu barua nyingi zimehusu geko chui, yule mjusi mwenye kope wa nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, ambaye wasomaji wetu wengi wa Ulaya na Amerika Kaskazini wanamfuga ndani. Tumechagua nne.

Nimenunua jike lenye rangi ya kawaida, kibandiko kinasema "66% heti Tremper". Niangalie wapi mwilini ili nijue kama kweli anabeba ualbino? – Msomaji, Minneapolis

Hakuna pa kuangalia. Ualbino wa Tremper, mojawapo ya aina za ualbino wa geko chui, unatokana na jeni inayojificha: haionekani mpaka mjusi arithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja tu ndiye anayeitwa heti, na kwa macho hatofautiani na asiye nayo kabisa. Anayekuambia amemtambua heti kwa weupe wa mkia au wekundu wa macho anabahatisha.

Hiyo 66 imetoka kwa wazazi. Heti wawili wakipandana, kwa wastani kati ya watoto wanne mmoja ni albino, wawili ni heti, na mmoja hana kitu. Albino anaonekana, kwa hiyo anatengwa. Wanabaki watatu wanaofanana, na wawili kati yao ni heti. Haina maana kwamba jike lako lina jeni "theluthi mbili"; ama anayo, ama hana. Kibandiko cha "100% heti" maana yake mzazi mmoja alikuwa albino kamili, na "50%" maana yake mzazi mmoja alikuwa heti na mwenziwe hana jeni hiyo. Omba picha za wazazi wote wawili. Muuzaji akishindwa kuzitoa, mlipe bei ya mjusi wa kawaida.

Njia ya kuhakikisha ni kumpandisha na dume albino wa Tremper. Usitumie dume heti, maana hapo hata jike likiwa heti utapata albino mmoja kati ya wanne tu, na utasubiri sana. Kwa dume albino, kila yai la jike heti lina nafasi nusu kwa nusu. Akitoka albino mmoja tu, swali limekwisha. Geko chui hutaga mayai mawili kwa mkupuo, hivyo mikupuo mitatu ikianguliwa vizuri una watoto sita. Wote sita wakiwa wa kawaida, basi karibu hakika jike hana jeni: heti wa kweli hukosa mara sita mfululizo mara 1 tu kati ya 64.

Mambo mawili huharibu jaribio hili. La kwanza, jike huhifadhi mbegu za dume. Kama alishapandwa msimu huu, mayai yanaweza kuwa ya dume wa zamani. Ngoja msimu mwingine. La pili, watu huandika watoto wa kawaida wa jaribio hili kuwa "hawana kitu". Si kweli. Baba yao ni albino, kwa hiyo kila mmoja wao ni heti kwa asilimia 100, hata kama mama yao hakubeba chochote. Waandike hivyo siku wanapoanguliwa. Na jike lisipandishwe kabla halijafika angalau gramu 45 na kutimiza mwaka.

Dume na jike wangu wote ni albino, lakini watoto wote wamezaliwa na madoa meusi kama wa kawaida. Nimetapeliwa? – Msomaji, Leicester

Huenda hujatapeliwa. Ualbino wa geko chui uko wa aina tatu: Tremper, Rainwater na Bell. Kila mmoja unatokana na jeni yake, na hazijazani. Ukichanganya Tremper na Bell, mtoto anapata nakala moja ya hii na moja ya ile, hakuna iliyotimia mbili, basi weusi unarudi. Watoto wako ni heti wa aina mbili kwa pamoja. Tunakusihi usiwapandishe wao kwa wao: watatoka albino ambao hata mtaalamu hawezi kusema ni wa aina gani, na mkanganyiko huo unasambaa kwa kila atakayenunua.

Macho husaidia kidogo. Bell mara nyingi ana macho ya waridi zaidi, Tremper huelekea rangi ya fedha yenye mishipa myekundu, na Rainwater kwa kawaida ana mwili uliopauka. Usitegemee rangi ya mwili peke yake, kwa sababu mayai yaliyotunzwa kwenye joto la chini hutoa albino wa kahawia iliyokolea, na ya joto la juu hutoa waliong'aa. Uthibitisho ni kumpandisha na albino ambaye aina yake inajulikana kwa rekodi.

Mack Snow wangu alianguliwa mweusi na mweupe, sasa amegeuka manjano. – Msomaji, Toronto

Ni kawaida ya geko chui wa rangi ya Mack Snow. Umanjano huingia wanavyokua. Ndiyo maana picha ya siku ya kuanguliwa ni muhimu: mtoto wa kawaida ana milia ya manjano, Mack Snow ana milia myeupe. Jeni hii haijifichi. Nakala moja inatosha kuonekana, na mbili humfanya Super Snow, mwenye macho meusi kabisa na madoa kwenye mwili mweupe. Kwa hiyo mjusi wa kawaida anayeuzwa kama "heti Mack Snow" hayupo.

Nimeonyeshwa geko chui wa rangi ya Lemon Frost, mzuri sana. Ninunue nimzalishe? – Msomaji, Birmingham

Usimzalishe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa 2021, uliihusisha rangi hiyo na jeni iitwayo SPINT1, na wengi mno wa mijusi hao hupata uvimbe wa seli zinazotoa weupe wa ngozi. Nakala moja inatosha kuleta uvimbe. Uzuri wa rangi haulipi mateso hayo. Enigma, aina nyingine ya geko chui, nao tunawakataa kwa sababu kama hiyo: wengi huinamisha kichwa, huzunguka mahali pamoja na kukosa chakula wanapokirukia.

Ndugu wa Lemon Frost asiyeonyesha rangi hiyo haibebi, kwa hiyo yeye unaweza kumchukua. Na kama tayari unaye mwenyewe, mfuge peke yake. Kila mwezi mgeuze taratibu, mulika tumbo kwa tochi, piga picha, na ukiona kinundu cheupe kinachokua mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia.