Weupe wa vidonge na mkorogo: kwako mdogo wangu wa Ujiji

Mdogo wangu, nimekuelewa. Unauza dagaa Kibirizi, jua linakupiga kutwa, uso una madoa ya chunusi, na harusi ni baada ya miezi mitatu. Umeuliza kama vidonge vya glutathioni na mkorogo wa dukani vitakung'arisha upesi.

Mkorogo ndio unaonitia hofu. Mara nyingi huchanganywa haidrokwinoni (dawa ya kuchubua ngozi), steroidi kali kama clobetasol, hata zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, ikutoke mistari na chunusi mpya. Niliutumia miaka miwili. Nilipoacha ghafla uso uliwaka moto wiki nzima. Kama umeshaanza, usiache kwa pupa: nenda hospitali ya Maweni na kopo lenyewe, daktari akupangie namna ya kupunguza.

Vidonge vya glutathioni ushahidi wake ni hafifu. Sindano zake usikubali kabisa, zimewaletea watu mzio mkali na matatizo ya figo.

Kwa madoa, anza na kofia pana na kinga ya jua SPF 30 au zaidi, upake tena kila saa mbili ukiwa mwaloni. Usiku paka krimu ya niasinamidi, aina ya vitamini B3. Miezi mitatu inatosha madoa kufifia kiasi, ingawa rangi yako ya asili itabaki, na ni nzuri.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mwambie daktari kwanza. Ukiona uso umevimba au mkojo umepungua, nenda hospitali siku hiyohiyo.