Upole wako na muhali wako ni vitu viwili

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, kwetu ni Chumbageni hapa Tanga. Tangu utoto sifa yangu ni moja: mpole. Muhula uliopita rafiki ninayekaa naye chumba kimoja aliniomba nimsainie mahudhurio. Nikamsainia. Ikawa kila Jumatatu, mhadhara wa saa moja asubuhi, yeye kalala na mimi nasaini. Siku moja mhadhiri akahesabu vichwa: watu 61, saini 74. Akaanza kuita majina. Jina la rafiki yangu lilikuwa juu ya jina la msichana niliyekaa naye, yote mawili kwa wino wa kijani, kwa sababu nilikuwa nimemwazima kalamu yangu. Akashukiwa yeye. Alikana, hakusikilizwa, akakatwa alama zote za mahudhurio. Mimi nilinyamaza, na mpaka leo sijasema. Wiki mbili baadaye tulijaza dodoso la haiba katika somo la saikolojia, nikapata alama ya juu sana kwenye kuelewana na watu. Kaka yangu anasema mtu mpole hana neno, nijisamehe yaishe. Mimi silali. Je, ni mwema au ni mwoga tu?
Mpole wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye hiyo kalamu ya kijani.

Tuanze na dodoso, maana naona umelishika kama cheti. Wataalamu wa haiba hugawa tabia za mtu katika mafungu matano: kupenda mambo mapya, umakini na bidii, uchangamfu, kuelewana na watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Dodoso lililosambaa sana la mgawanyo huo ni la Wamarekani Paul Costa na Robert McCrae, lililotoka 1985 na kufanyiwa marekebisho 1992. Sasa sikiliza jambo ambalo pengine darasani lilipita haraka. Katika dodoso hilo, fungu la kuelewana na watu lina vipengele sita ndani yake: kuwaamini watu, unyoofu wa kusema, kujitolea, kukubali yaishe, unyenyekevu na huruma. Unyoofu wa kusema na kukubali yaishe vimewekwa kapu moja! Mtu anaweza kupata alama ya juu kwa kuwa kila kitu anakubali yaishe, huku unyoofu wake uko chini. Alama yako ya jumla haikwambii ni kipi kilichoibeba. Barua yako inaniambia.

Sisi watu wa pwani tuna neno lake: kuona muhali. Mtu anakuomba jambo unaloliona baya, ulimi unakuwa mzito kusema hapana, unaona bora ufanye kuliko umwone amenuna. Naujua muhali, mwanangu, kwa sababu ulishanifanya nidhulumu mtu.

Nilikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake kumi hapa Ngamiani. Tulitoa 30,000 kila mwezi, kwa hiyo anayepokea anaondoka na 300,000. Zamu moja ilikuwa ya mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda soko la samaki la Deep Sea kununua mzigo. Hela zile alizipangia friji ya kuhifadhia samaki wanaobaki. Usiku wa kuamkia siku ya kupokea, jirani yangu akaja analia, ana harusi ya bintiye na mambo yamemzidi. Niliona muhali. Nikafungua daftari, nikakata jina la muuza samaki kwa penseli, ili nikijuta nifute, nikaandika la jirani. Asubuhi mwenye zamu akaja na ndoo yake. Nikamkaribisha barazani, hakukaa. Nikamtolea chai, hakuipokea. Akasema, "Bi Mkubwa, mwenzangu kakulilia. Mimi sikukulilia." Akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Muhali humhurumia aliye mbele ya macho yako, na gharama anailipa ambaye hayupo. Yule msichana ndiye muuza samaki wako. Yeye hakukuomba kitu, aliazima kalamu tu.

Sasa tutazame ni wapi ulipokatikia. James Rest, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliandika miaka ya 1980 kwamba ili mtu atende haki mambo manne hukutana: aone kwamba jambo lile linamgusa mwenziwe, aamue lipi ni sawa, alitangulize hilo mbele ya matakwa mengine, kisha awe na uthabiti wa kulitenda mpaka mwisho. Mawili ya mwanzo unayo, ndiyo maana hulali. La tatu lilishindwa pale urafiki ulipowekwa mbele ya haki ya msichana. La nne lilishindwa pale jina lilipoitwa, mdomo ukafungwa. Nakuandikia hivi kwa kuwa "mwoga" ni neno la kumfungia mtu mlango, na mimi sitaki kukufungia. Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba kati ya miaka 20 na 40 wengi wetu huongezeka umakini na kutulia moyo. Haiba yenyewe bado inasogea kwa umri wako.

Kuna kitu kingine: haraka. Karatasi ya mahudhurio inapita mkononi kwa sekunde chache, nyuma yako mtu anaingoja. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba fupi, baadhi yao wakihubiri habari za Msamaria mwema. Njiani aliwekwa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Wasio na haraka, asilimia 63 walitoa msaada. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Na majibu yao ya dodoso kuhusu dini hayakutabiri nani atasimama. Wale walikuwa vijana wanaosomea uchungaji! Kwa hiyo usingoje Jumatatu saa moja ndipo uamue. Amua Jumapili usiku, umwambie rafiki yako kitandani pale pale: "Sikusainii tena. Nitakuamsha saa kumi na moja na nusu." Na umwamshe kweli. Hapo upole wako umepata kazi yake halali.

Kuhusu lililopita, rafiki yako mwambie kwamba unakwenda kusema. Mwambie tu, usimwombe ruhusa, akikuomba unyamaze utaona muhali tena. Kisha nenda kwa msichana, uso kwa uso, usijifiche nyuma ya WhatsApp. Usimweleze habari za upole wako. Mwambie ulisaini wewe. Baada yake nenda kwa mhadhiri, uende na kalamu. Unaweza kukatwa alama, unaweza kuishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, pengine na kuitwa kwenye kamati ya nidhamu. Nenda hivyo hivyo, na uombe wazi alama za yule binti zirudishwe kabla matokeo hayajapelekwa. Kuhusu kujisamehe, kaka yako ana nia njema lakini amekosea mpangilio. Anayeanza kusamehe hapa ni yule binti, akitaka.

SWALI: Bi Mkubwa, mwanangu wa kike yuko mwaka wa tatu. Ni mkali, hacheki ovyo, mgeni akichelewa humwambia. Likizo hii nimesikia kwamba kwenye kazi ya kikundi alifuta jina la mwenzao ambaye hakuchangia hata mstari. Majirani wanasema chuo kimemharibu adabu. Niseme naye vipi?
Mama wa Pongwe

JIBU: Mama, nimefundisha sekondari miaka 31 na watoto wa aina hiyo nawakumbuka kwa majina. Kutocheka ovyo si utovu wa adabu, na jina la asiyefanya kazi kulikaa kwenye kazi ya wenzake ni uongo uliopigwa chapa. Upungufu wao, wanapokuwa nao, huwa upande mwingine: wanaona kosa upesi kuliko wanavyomwona mkosaji. Pengine yule mwenzao aliuguliwa, pengine hakuwa na nauli ya kwenda kukutana nao, pengine alikuwa mvivu kweli. Muulize binti yako swali moja: kabla ya kulifuta jina, alimpigia simu mwenye jina? Akisema alipiga na akasikiliza, mwache na ukali wake, na hao majirani waambie waje waongee na mimi.